Kohozi limekwama na mshono unauma: mzee ajaze hewa kwanza, kukohoa baadae

Swali: "Shikamoo dokta. Naandika toka Makorora hapa hapa Tanga. Baba yangu ana miaka 64, zamani alikua anafanya kazi korona ya mkonge (kiwanda cha kuchakata mkonge) upande wa brashi, kule nyuzi zinaposuguliwa. 2017 alitibiwa TB, akamaliza dozi, akaambiwa kapona, ila toka hapo kila asubuhi lazima akohoe makohozi. Siku 9 zilizopita kapasuliwa tumbo kwa dharura, utumbo ulijisokota. Tumesharuhusiwa ila anahema juu juu, kifua kinakoroma, na kukohoa hataki anasema mshono utafumuka. Daktari alisema eksirei inaonyesha pafu la kulia kwa chini halijajaa vizuri, tufanye mazoezi ya kupumua. Tulipewa kile kidude cha mipira mitatu, anapuliza mpaka jasho linamtoka na mipira haipandi. Jirani anasema tumlaze kichwa chini miguu juu tumpige mgongoni, shangazi anasema apulize maputo. Tushike lipi?"

Jibu:

Marhaba mdogo wangu, na pole sana na kuuguza. Mimi sio daktari wa upasuaji, ni mtu wa fizio (tiba ya mazoezi), na kazi yangu kubwa wodini ni vifua vya watu kama mzee wako, kwaiyo hapa umefika. Nianze na kidude maana hilo dogo unalimaliza leo leo: kile HAKIPULIZWI, kinavutwa. Anatoa pumzi nje kwanza taratibu, anabana mdomo kwenye ule mrija, alafu anavuta hewa ndani kama anayevuta maji ya dafu, ndo mipira inapanda. Angeweza kupuliza mpaka kesho usiku isingepanda, na tumbo analitesa bure. Wala msijilaumu, karibu kila familia inayopewa kile kidude bila kuelekezwa vizuri inapuliza, macho yakiona mrija akili inasema puliza.

Sasa kwanini pafu halijajaa. Mtu akipasuliwa tumbo, hasa kwa mshono mrefu wa katikati, kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinakua kizito kufanya kazi, na kila pumzi kubwa inavuta mshono, kwaiyo mwili unajifunza wenyewe kuhema vijipumzi vidogo vidogo vya juu. Mtu mzima wa afya kila baada ya dakika chache anavuta pumzi moja kubwa bila kujua, ile ya kushusha pumzi, na ile ndo inafungua tena vifuko vya hewa vilivyoanza kulala. Mgonjwa wa mshono anaikosa. Ukiongeza na kulala chali siku nzima, tumbo linasukuma kiwambo juu, na sehemu za chini za mapafu zinasinyaa kama mfuko wa nailoni uliotoka hewa kuta zikashikana. Hapo ndo pafu la kulia la mzee lilipo.

Alafu mzee ana mzigo wa pili ambao ni wa zamani. TB imetibiwa, sawa, lakini mara nyingi inaacha kovu, na mirija ya hewa karibu na kovu inatanuka na kulegea. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo macho hayavioni, vinapiga kasia mara zaidi ya 10 kwa sekunde moja kupandisha ute juu kooni, na penye kovu vinyweleo hivyo vinakua vimekufa au vimechoka, ute unatuama kama maji ya mvua kwenye mtaro usio na mteremko. Vumbi la brashi la miaka ile nalo halikumsaidia. Ndo maana ya yale makohozi ya kila asubuhi. Kwaiyo mzee ana mambo mawili, pafu lisilojaa na kohozi lisilotoka, na watu wanakimbilia la pili wakati dawa yake iko kwenye la kwanza.

Hili nataka ulishike kuliko yote nitakayosema: kohozi halitoki kwa nguvu ya kukohoa, linatoka kwa hewa iliyo NYUMA yake. Ukinywa dafu kwa mrija ukaziba na kipande cha nyama, utafyonza mpaka mashavu yaingie ndani, hakitoki, mpaka uchomoe mrija upulize toka upande wa pili. Kwenye pafu huo upande wa pili ni kule chini kwenye vifuko. Kama kule hakuna hewa, mzee atakohoa mpaka machozi na kohozi liko pale pale, ameambulia maumivu tu, na kesho ataogopa zaidi. Hewa inapitaje sasa kwenda nyuma wakati mrija umeziba? Inazunguka. Kati ya kifuko na kifuko kuna vitundu vidogo vya pembeni, Mjerumani Hans Kohn alivieleza tangu 1893, na hewa inapenya humo taratibu kutoka kwa jirani aliyejaa kwenda kwa jirani aliyeziba. Neno ni taratibu. Ndo maana tunamwambia mgonjwa avute polepole na AZUIE pumzi sekunde 3 hivi, sio mkwara, ni kuipa hewa muda wa kuzunguka.

Haya, zoezi lenyewe. Ninaloandika hapa ndo lile ambalo mafizio wa hospitali ya Brompton kule London, Jennifer Pryor na Barbara Webber, waliliandikia utafiti wao 1979 na mpaka leo dunia nzima tunalitumia, uzuri wake halitaki mashine wala umeme.

Kwanza maumivu. Kama kaandikiwa panado au dawa nyingine ya maumivu, apewe dozi yake kwa saa aliyoandikiwa na zoezi lifanyike nusu saa mpaka saa moja baadae. Wazee wetu wanajikaza, "mimi siumwi sana", kumbe ndo maana hahemi. Mzee asiyepewa dawa ya maumivu hata umfundishe nini hatavuta pumzi. Ila msimuongezee za dukani kwa kichwa chenu, nyingine zinachoma tumbo na figo na huyu ndo katoka kupasuliwa utumbo.

Mkalishe kwenye kiti chenye mgongo, miguu imegusa chini, sio kitandani kajikunja. Chukua kanga moja ikunje ikunje mpaka iwe kama kimto kigumu, aikumbatie juu ya mshono kwa mikono yote miwili. Mabega yashuke. Aanze kuhema kawaida tu, kwa utulivu, dakika moja au mbili, tumbo likiinuka kidogo chini ya kanga.

Alafu wewe weka viganja vyako viwili pembeni ya mbavu zake za chini, upande wa kulia na kushoto, usibonyeze, gusa tu. Mwambie "baba, nisukume mikono kwa pumzi." Avute kwa pua, polepole, kama mtu anayenusa ua la kilua, harufu nzuri mtu haivuti kwa pupa, anaivuta mpaka mwisho. Akifika mwisho azuie, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, na kama anaweza aongeze kunusa kadogo kamoja juu yake, utashangaa mbavu zinafunguka tena kidogo. Aachie kwa mdomo bila kusukuma. Pumzi 3 au 4 za hivo, arudi kuhema kawaida mpaka atulie. Ukiona mkono ulio kwenye ubavu wake wa kulia hausukumwi kama ule wa ubavu wake wa kushoto ndo hapo pafu lilipolala, mwambie apeleke pumzi pale, na kweli inaenda, mguso unasaidia sana. Kisunzi kikimjia au midomo ikimfanya ganzi amevuta nyingi kwa haraka, apumzike tu itaisha.

Duru mbili au tatu zikipita ndo tunaenda kwenye kutoa. Sio kukohoa bado! Ni kile tunaita kuhaa. Mdomo wazi mviringo, koo wazi, anapuliza "haaa" ndefu kama unayetia ukungu kwenye kioo cha miwani ili uifute. Anavuta pumzi ya kati, sio kubwa, alafu "haaaa" ndefu inayokaza kidogo kidogo mpaka karibu pumzi iishe, hiyo inafuata kohozi kule kwenye matawi madogo ya chini. Mara moja au mbili, apumzike aheme kawaida. Ukisikia sasa mngurumo umepanda juu karibu na koo, hapo avute pumzi kubwa na atoe "HAA" fupi ya nguvu, kanga imebanwa kwenye mshono, na kama kuna cha kukohoa akikohoe sasa, mara moja au mbili tu. Kama kohozi halijapanda asikohoe, arudi mwanzo. Makosa ninayoyaona sana: mtu anabana koo akasafisha sauti "ehem ehem", hiyo haifiki hata kifuani. Akishindwa kuacha koo wazi, viringisha kipande cha boksi kiwe kama bomba fupi aking'ate kidogo ahaie humo, mdomo na koo vinafunguka vyenyewe.

Kuhusu mshono kufumuka, mwambie baba hivi: kuhaa kunasukuma tumbo kidogo kuliko kukohoa, na akibana kanga mshono una ukuta wa nyuma. Kinachohatarisha mshono zaidi ni kile kikohozi cha kushtukiza cha usiku, kwasababu kohozi limekaa kutwa nzima halijatolewa.

Nina bibi mmoja simsahau, alitoka upande wa Pangani, kapasuliwa tumbo siku ya 4 hivi, watoto wake wamemzunguka wanamwambia "kohoa mama kohoa", na yeye kila akijaribu analia, kashika ukingo wa kitanda vidole vimekua vyeupe. Nikawaomba watulie. Nikamkalisha, nikampa kanga yake mwenyewe akaikumbatia, tukahema tu, hatukusema neno kikohozi hata mara moja. Duru ya tatu nikasikia chini ya kiganja changu kama kitu kinatetemeka, kohozi linatembea, unalisikia kwa mkono kabla ya masikio. Akafanya haa mbili, kikaja kipande kizito cha njano kama ukwaju, akakitema kwenye kopo, akanitazama akasema "mbona halijauma?" Kesho yake nilimkuta ameshakaa kitini ananisubiri.

Mara ngapi kwa siku? Zile pumzi za kujaza, pumzi kama 10 kila saa akiwa macho, ni dakika mbili tatu tu, waadhini wa msikiti na taarifa ya habari ya redio mvitumie kama saa. Duru kamili ya kutoa kohozi asubuhi na jioni, dakika 10 mpaka 20, akichoka mnaacha. Kabla ya kula au saa moja na nusu mpaka mbili baada ya kula, asishindilie bada na mchuzi alafu muanze, atatapika. Na kama ana pampu ya kutanua mirija aliyoandikiwa, avute dakika 10 au 15 kabla.

Kidude cha mipira sasa. Kizuri kwasababu mzee anaona kazi yake, lakini sio uchawi. Tafiti zilizokusanywa mpaka 2014 kwa watu waliopasuliwa tumbo la juu hazikuonyesha kwamba kinashinda pumzi ndefu za kawaida zisizo na kifaa, kwaiyo mtu asiyenacho asinunue kwa mkopo. Na jambo moja la kuangalia, ile mipira inapanda kwa KASI sio kwa wingi wa hewa, mtu anaweza kuvuta kwa ghafla mipira yote mitatu ikaruka na pafu halijajaa kitu. Mwambie anyanyue mpira mmoja, wa kwanza tu, auweke juu ukae sekunde 3. Huo mmoja unaokaa ni bora kuliko mitatu inayoruka.

Na nikwambie kitu kinaniuma. Utafiti wa Australia na Nyuzilandi uliotoka 2018 kwenye jarida la BMJ, wagonjwa 441 wa upasuaji wa tumbo la juu, wale waliokaa na mtu wa fizio nusu saa tu KABLA ya opresheni wakaelezwa haya haya ninayokueleza, waliopata matatizo ya mapafu baada ya opresheni walikua 12 katika 100, na waliopewa karatasi tu walikua 27 katika 100. Nusu saa ya maneno! Baba yako ilikua dharura hakuna aliyekua na nafasi, lakini ukiwa na ndugu anayesubiri opresheni ya kupangiwa, nendeni mkaombe hiyo nusu saa, msiombewe, ombeni.

Jirani na kichwa chini: hapana, na nina sababu mbili. Ya kwanza, ana mshono wa siku 9, tumbo litaning'inia juu ya kifua, kiwambo kinalemewa, chakula kinaweza kurudi kikaingia njia ya hewa, presha inapanda kichwani. Siku hizi hata sisi hatumpindui mtu hivo ovyo. Ya pili watu hawaijui: TB inapenda kukaa sehemu ya JUU ya pafu, na sehemu ya juu inajimwaga yenyewe mtu akiwa amekaa wima, mteremko unaelekea chini kwenye mrija mkubwa. Ukimpindua unarudisha kohozi lilikotoka. Kwa lile pafu la kulia la chini, mlaze ubavu wa KUSHOTO na mto kati ya magoti, pafu la kulia likiwa juu linapata nafasi ya kutanuka, afanye pumzi zake hapo hapo. Kumpiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama bakuli ni ufundi upo, lakini sio kwa mzee mwenye mshono mbichi na mifupa ya miaka 64 bila fizio kumuona, na kamwe sio kwa anayetema damu.

Maputo ya shangazi: yanafundisha kutoa pumzi kwa kubana, na mzee shida yake ni kuvuta, alafu kubana kule kunasukuma mshono. Muache shangazi na nia yake njema ila maputo yakae kwa watoto. Baadae mshono ukishapona na daktari wa upasuaji akiruhusu, kuna zoezi la chupa linamfaa sana kwa makohozi yake ya kila siku. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, maji kina cha sentimita 10, mpira mlaini wenye tundu pana kiasi cha milimita 8 mpaka 10 (mrija mwembamba wa soda haufai unabana mno), mdomo wa chupa ubaki wazi hewa itoke, anavuta kwa pua alafu anapuliza kwa mpira mapovu yatoke taratibu na kwa muda mrefu. Yale maji yanarudisha ubishi kidogo, mirija iliyolegea haifungi mapema, hewa inapita nyuma ya kohozi, na mtetemo wa mapovu unalilegeza. Pumzi 10, haa mbili, na kurudia. Maji yamwagwe kila siku, mpira na chupa vioshwe kwa sabuni vikauke, na asiyanywe.

Mengine haraka haraka. Kutembea ni zoezi la mapafu namba moja, atoke kitandani akae barazani, atembee mpaka kwa mangi na kurudi, kila siku aongeze kidogo, akichoka apulize kwa midomo iliyobanwa kama anapoza uji wa moto. Usiku alale kainuliwa kichwa na kifua. Maji anywe ya kutosha kama daktari hajamzuia kwa moyo au figo, kohozi kavu halitembei. Jiko la mkaa lisiwe chumba anacholala, na kama anavuta sigara huu ndo wakati. Nyungu sishauri, mvuke unaburudisha pua lakini kohozi la chini haulisogezi, na mzee dhaifu na sufuria la moto ni kuomba kuungua. Dawa za maji za kuzima kikohozi msimpe bila daktari, mnamzimia chombo pekee alichobaki nacho.

Msisubiri zoezi, mkimbizeni hospitali akianza kuhema mara 30 au zaidi kwa dakika akiwa amekaa, midomo ikibadilika rangi, akachanganyikiwa, homa, kifua kikichoma ghafla, kutema damu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mshono kutoa usaha, majimaji mengi au kufunguka.

Na la mwisho ni la nyumba nzima. Mtu aliyewahi kuugua TB anaweza kuugua tena, kwaiyo kama hajapimwa makohozi karibuni apimwe, ni bure, na mpaka majibu yatoke mazoezi ya kuhaa afanyie barazani au dirisha liko wazi, watoto wakae mbali, kopo la kutemea liwe na kifuniko. Sampuli nyingi zinarudishwa kwasababu mtu katema mate. Mzee akiamka alfajiri asukutue kwa maji, akumbatie kanga yake, avute zile pumzi za kunusa kilua tatu nne akizuia, haa ndefu, haa fupi, na kile kinachokuja kizito toka chini ndo akiteme kwenye kopo la maabara.